Shule ya Kiangazi: Mwendo na Uongozaji wa Njia katika Misafara ya Ujiji

Katika karne ya 19, kabla ya reli kufika Kigoma, mji wa Ujiji uliunganishwa na pwani ya Bahari ya Hindi kwa njia ya miguu yenye urefu wa takriban kilomita 1,200, iliyoanzia Bagamoyo, ikavuka Ugogo hadi Unyanyembe, ulipo leo mji wa Tabora, kisha ikateremka kupitia Uvinza mpaka ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Kwa kuwa mbung'o na maradhi wanayoyaeneza waliwaua punda na ng'ombe katika sehemu kubwa ya njia hiyo, karibu kila pembe ya ndovu iliyoshuka pwani, na kila jora la kitambaa lililopanda bara, lilibebwa na binadamu. Waandishi wa Kizungu waliosafiri na wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo wa misafara, mara nyingi waliueleza uwezo wao wa kutembea kuwa ni nguvu waliyozaliwa nayo tu, ilhali taarifa za waandishi hao hao zinaonyesha kwamba ulikuwa ni ustadi uliofundishwa, wenye majira yake, kanuni zake na wakuu wake, na kwamba ndani yake kuuzoesha mwili na kuijua njia vilikuwa somo moja.

Mizizi ya ustadi huo inatangulia biashara ya pembe. Katika Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo, kwa mujibu wa uchimbaji wa akiolojia uliofanyika katika miaka ya 1960, zilikuwa zikitumiwa tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kazi ya kuchemsha maji hayo ilifanywa hasa wakati wa kiangazi, mito inapopungua na maji ya chumvi yasichanganyike na mafuriko, na watu kutoka Uha, Burundi na Unyamwezi walizifuata chemchemi hizo au kuinunua chumvi yake. Wafanyabiashara wa pwani, Waswahili na Waarabu, walipoanza kukaa Ujiji kuanzia miaka ya 1830 na 1840, hawakufungua pori lisilo na njia: waliunganisha njia ndogo ndogo za chumvi, chuma na nafaka ambazo wenyeji walikuwa wakizipita kwa vizazi vingi.

Majira ndiyo yaliyoitawala kazi yote. Katika ukanda wa Kigoma mvua huanza mnamo Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo tambarare za Malagarasi hufurika na kuwa vinamasi vipana, ambavyo pamoja na vile vya mto Moyowosi vilitangazwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kulindwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kiangazi kilileta mambo matatu kwa pamoja: vivuko vilipitika, maghala yalijaa mavuno ambayo msafara ungeweza kuyanunua, na vijana wa Kinyamwezi, ambao kwanza walikuwa wakulima, waliachwa huru na jembe. Kwa hiyo waliondoka makwao baada ya mavuno, wakatembea katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, ambayo watu wa pwani huiita kipupwe, na wengi wao walitaka kuwa wamerudi nyumbani kabla ya msimu mpya wa kupanda.

Mafunzo yalianza utotoni. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo pamoja na John Hanning Speke kati ya 1857 na 1859, aliona kwamba watoto wa Kinyamwezi walizoeshwa kubeba vipembe vidogo mabegani, na kwamba safari ya pwani ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume. Mzigo wa mtu mzima ulikuwa takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa kuwa frasila moja ilikaribia ratili 35, na juu ya mzigo huo mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Pembe kubwa iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili, mtindo unaoitwa mzegazega, ambao uliwalazimisha wabebaji kulinganisha hatua zao, kwani asiyejua kufuata mwendo wa mwenzake aliumia bega siku ya kwanza. Wanawake nao walisafiri, wake wa wapagazi wakibeba vyombo na kupika kambini.

Mwendo wa siku ulikuwa na taratibu zilizokusudiwa kuhifadhi nguvu za watu kwa miezi, wala si kwa siku moja. Msafara uliamka kabla ya mapambazuko, barugumu, yaani pembe ya mnyama inayopulizwa, ikalia, na watu wakashika njia kungali na ubaridi, wakatembea kwa saa nne hadi sita na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Palipokuwa na nyika isiyo na maji utaratibu uligeuzwa: watu walipumzika asubuhi kwenye kisima cha mwisho, wakanywa na kupika, wakaondoka alasiri, wakalala njiani bila maji, na kuyafikia mengine asubuhi iliyofuata, mbinu ambayo wasafiri wa wakati huo waliiandika kwa jina la terekeza. Chakula kilipimwa kwa posho, yaani mgao wa kila siku, ambao kwa kawaida ulikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu, na ulipokosekana mwendo wenyewe ulivunjika.

Mbele ya wote alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, aliyejulikana kwa kitambaa chekundu, manyoya na ngozi alizovaa, na ambaye hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumtangulia bila kutozwa faini. Kanuni hiyo, ambayo mgeni angeweza kuidhania kuwa majivuno, ilikuwa na sababu ya kiutendaji. Njia zilikuwa nyembamba, za kupitwa na mtu mmoja mmoja, na ziligawanyika mara kwa mara kuelekea vijijini, mashambani na visimani, huku msafara ukiwa umetawanyika kwa mwendo wa saa nzima au zaidi kati ya wa kwanza na wa mwisho. Kirangozi alipofika njia panda aliiziba njia isiyofaa kwa kuweka tawi lenye majani au kuchora mstari ardhini, na waliofuata nyuma, wakiwamo wagonjwa na waliochoka, waliisoma alama hiyo bila kumwona aliyeiweka.

Ustadi huo unaonekana wazi katika juma moja la Novemba 1871, kati ya kivuko cha Malagarasi na Ujiji, kama lilivyoandikwa na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, ambaye vita vya mtawala Mirambo dhidi ya Waarabu wa Unyanyembe vilikuwa vimemlazimisha kuzunguka kwa kusini. Malagarasi ulivukwa kwa mitumbwi ya Wavinza kwa malipo yaliyobishaniwa sana, na punda mmoja alikamatwa na mamba ndani ya maji. Ng'ambo ya mto, katika nchi ya Uha, kila mtawala alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, uliolipwa kwa doti za kitambaa, doti moja ikiwa ni yadi nne, na ilidhihirika kwamba bidhaa zingekwisha kabla ya ziwa kufikiwa. Hapo akapatikana mtu aliyeijua nchi, ambaye kwa malipo alikubali kuutoa msafara nje ya njia kuu. Watu waliondoka usiku kwa vikundi, wakaamriwa wasipige kelele wala bunduki, wakakata pori na matete, wakavuka Ruchugi na Rugufu, na kwa hesabu ya Stanley mwenyewe waliingia Ujiji tarehe 10 Novemba, ingawa wanahistoria wameitilia shaka tarehe hiyo. Kilichouokoa msafara ni miguu iliyoweza kuongeza mwendo baada ya miezi ya uchovu, na kumbukumbu ya mtu mmoja aliyejua mito itavukwa wapi gizani.

Maarifa hayo yalihifadhiwa kwa namna isiyofanana na ramani. Njia ilikaririwa kuwa mfululizo wa kambi, maji, vivuko na majina ya watawala, na umbali wake ulipimwa kwa siku za kutembea. Wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann walipowahoji watu wa misafara huko pwani na kuchora ramani iliyochapishwa katikati ya miaka ya 1850, walijumlisha njia kadhaa zilizosemwa kuishia kwenye maji, wakachora ziwa moja kubwa mno mahali ambapo kwa hakika kuna Nyasa, Tanganyika na Ziwa Viktoria. Wasimulizi walisema kweli, kwa kuwa kila njia iliishia ziwani. Makosa yalizaliwa siku za mwendo zilipogeuzwa kuwa umbo kwenye karatasi, na ndiyo yaliyowafanya Burton na Speke watumwe. Hao nao walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, karibu na Tabora, na mnamo 13 Februari 1858, katikati ya msimu wa mvua, waliliona Ziwa Tanganyika wakiongozwa na wale wale ambao taarifa zao walikwenda kuzihakiki. Kwa kulinganisha, huko Skandinavia, mwishoni mwa karne hiyo, kutafuta njia porini kwa ramani na dira huku mtu akikimbia kulianza kufanywa mashindano: la kwanza la hadhara lilifanyika Norway mwaka 1897, na Msweden Ernst Killander akaueneza mchezo huo kuanzia 1919. Mshindani wa Norway alipewa ramani iliyokwisha chorwa. Kirangozi wa Ujiji alibeba ya kwake kichwani, na aliyemfuata alikabidhiwa matawi ya njia panda peke yake.

Miongoni mwa waliojumlisha miaka mingi ya shule hiyo ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa India, akarudi Zanzibar, kisha akatumika katika safari za Burton na Speke, za Speke na Grant, ya Stanley, na ya Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874 na Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa malipo ya uzeeni. Hata hivyo historia hii haiwezi kuandikwa kuwa ni ya ustadi tu, kwa sababu njia hiyo hiyo ilipitwa na watu waliofungwa minyororo, waliotekwa Manyema, magharibi ya ziwa, na kwingineko, ambao kwao mwendo haukuwa ajira wala heshima, na wengi wao hawakufika pwani.

Reli ya kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Tabora mwaka 1912, iliingia Kigoma mapema mwaka 1914, na kwa kuwa ghuba ya Kigoma ilikuwa na kina kinachofaa meli, kituo cha mwisho kiliwekwa huko na Ujiji ukapoteza nafasi yake ya kibiashara. Vita vya Kwanza vya Dunia viliurudisha uchukuzi wa miguu kwa sura mbaya zaidi, pale majeshi ya Wabelgiji, yaliyoichukua Kigoma mnamo Julai 1916 na Tabora mnamo Septemba, pamoja na ya Waingereza na Wajerumani, yalipowakusanya wachukuzi kwa nguvu bila kujali majira, posho wala mapumziko, na watu wakafa kwa maelfu. Vifo hivyo ni ushahidi mzito wa thamani ya taratibu za zamani: watu waliangamia pale kanuni za kiangazi zilipoondolewa. Tangu 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, Ujiji ukiwa mwisho wake. Lakini orodha hiyo inataja vituo, na vituo peke yake haviwezi kueleza jinsi watu walivyotembea kutoka kimoja hadi kingine, kazi ambayo wataalamu wake walikuwa wapagazi na virangozi wao.