Kunyambua Kokteli

Mtengeneza kokteli huchukua kinywaji kinachojulikana miaka mingi, akabadilisha pombe yake au kiungo kimoja, akauacha mpango wa kinywaji ulivyokuwa. Wenzake wa Marekani na Uingereza huiita kazi hiyo rifu, neno la wanamuziki wa jazi. Kwa Kiswahili neno linalokuja haraka ni “mbadala”, nami silikubali. Mbadala hutafutwa pale kitu chenyewe kilipokosekana, ilhali anayeweka meskali mahali pa wiski hakuishiwa wiski. Napendekeza mnyambuliko, na kitenzi chake kunyambua, tulivyovizoea katika sarufi.

Kitenzi changanya hutupatia changanyia, changanyisha, changanyika. Maana inasogea, mzizi unaendelea kusikika. Kokteli nayo ina mzizi, na mzizi huo si pombe, ni uwiano: ukali kiasi gani kwa utamu, kwa uchachu, kwa uchungu. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza kokteli kuwa ni sukari, maji, dawa chungu ya mitishamba na pombe kali ya aina yoyote. Aina yoyote! Mlango wa kunyambua ulikuwa wazi tangu fasili hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Negroni: jin, vemuthi nyekundu na Campari, sehemu sawa. Inasimuliwa kwamba ilizaliwa Florence mwaka 1919, Camillo Negroni alipotaka jin mahali pa maji ya soda katika kokteli yake ya Americano, kwa hiyo yenyewe ni mnyambuliko. Ondoa jin, weka wiski ya bourbon, upate Boulevardier, iliyotajwa katika kitabu cha kokteli cha Harry MacElhone mwaka 1927. Hapo sehemu sawa hazitoshi tena. Bourbon ina utamu wa mahindi na pipa, ikikutana na utamu wa vemuthi kinywaji hulemewa. Ndiyo maana wengi huweka mililita 45 za wiski kwa 30 za kila kimoja cha vile vingine. Mwaka 2001 Wayne Collins, mtengeneza kokteli Mwingereza, alikwenda mbali zaidi. Alibakiza jin, akaweka Lillet Blanc mahali pa vemuthi na Suze, yenye uchungu wa mzizi wa jentiana, mahali pa Campari. Wekundu wote ukatoweka, lakini anayeijua Negroni huitambua kwa funda la kwanza, maana nafasi tatu zimebaki: pombe, mvinyo wenye viungo, uchungu. Kwangu hicho ndicho kipimo cha istilahi hii. Nafasi zikivurugika, kinywaji hicho ni kipya na kipewe jina lake.

Afrika Mashariki tunao mnyambuliko wetu, nao ni Dawa, iliyopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi. Mzizi wake ni kaipirinha ya Brazili: kashasa, vipande vya ndimu, sukari, barafu. Kashasa hutokana na maji mabichi ya miwa na ina harufu yake ya shambani. Vodka iliyochukua nafasi yake haina harufu ya kutajwa. Pengo hilo limezibwa na asali iliyozungushiwa kijiti, ambacho mnywaji mwenyewe hukorogea na kupondea ndimu. Utamu hupanda kadiri anavyokoroga. Naiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu aliyeondoa ladha moja alijua lazima arudishe nyingine.

Kazi iliyobaki ni kubwa, na viungo viko sokoni. Daikwiri ni ramu, ndimu na sukari. Inyambuliwe kwa Konyagi, pombe kali ya Tanzania, na ukwaju. Asidi iliyotawala katika ukwaju ni ya tartari, si ya sitriki kama ya ndimu, na uchachu wake hutegemea maji uliyolowekea. Basi juisi ionjwe peke yake kwanza, ichujwe vizuri, ndipo sukari ipimwe upya. Konyagi ina kileo asilimia 35, ramu nyingi zina 40. Ukitikisa na barafu kwa muda ule ule, maji yataimeza. Tikisa kwa muda mfupi zaidi, au ongeza Konyagi kidogo.