Mabaharia chipukizi wa Uingereza na pengo la umri wa miaka 15

Mtoto wa Uingereza anayeanza mashindano ya mashua za tanga mara nyingi hukabidhiwa Optimist, chombo cha mita 2.3 na kilo 35, chenye pua butu kama sanduku. Kilibuniwa mwaka 1947 na Clark Mills huko Clearwater, Florida, kiwe rahisi kuundwa kwa mbao. Kina tanga moja na nahodha mmoja: ndiye anayeshika usukani, anayevuta demani na anayeamua wakati wa kubisha. Akikosea, hana wa kumlaumu chomboni.

Kanuni zinamruhusu kushindana katika Optimist hadi mwaka anaotimiza miaka 15. Mwili, hata hivyo, haungoji kanuni. Kijana aliyezidi kilo 50 hivi huanza kuachwa nyuma, hasa upepo ukiwa hafifu. Hapo ndipo jukumu zito la programu ya taifa linapoanza, maana mashua kubwa zaidi ni ghali, na aliyekuwa bingwa hujikuta ameanza upya miongoni mwa wanaomzidi miaka na nguvu.

Chama cha taifa cha mchezo huo, RYA, kilichoasisiwa mwaka 1875, huwapandisha vijana ngazi kwa ngazi: kutoka klabu hadi makundi ya mazoezi ya mikoa, kisha vikosi vya taifa. Mkufunzi huwafuata kwa boti ya mpira yenye injini, akitega maboya na kurudia zoezi moja hata mara kumi. Zoezi linalorudiwa sana ni la kuanza mbio. Mashua haina breki. Kijana hana budi kuituliza karibu na mstari huku dakika zikihesabiwa, kisha kuipa kasi sekunde chache kabla ya ishara. Akichelewa, mashua zilizo upande wa joshini humkinga upepo, naye hubaki katika hewa chafu.

Wengi huvuka pengo hilo kwa ILCA, ambayo zamani iliitwa Laser. Bodi lake ni lile lile kwa ukubwa wote. Kinachobadilika ni tanga na kipande cha chini cha mlingoti. Anayeanza hutumia ILCA 4, yenye tanga la mita za mraba 4.7, akikua huhamia ILCA 6, na mwenye mwili mkubwa ILCA 7, yenye tanga la mita za mraba 7 hivi. Familia hainunui mashua mpya kila mtoto anaporefuka. Hata hivyo, safari na vifaa bado hugharamiwa kwa sehemu kubwa na wazazi, na huo ndio udhaifu wa mfumo huu: kipaji kisicho na mfuko huishia klabuni.

Fedha za bahati nasibu ya taifa, iliyoanza mwaka 1994, ziliimarisha ngazi za juu. Katika Olimpiki ya 1996 mabaharia wa Uingereza walipata fedha mbili; mwaka 2000 walirudi na dhahabu tatu na fedha mbili. Ben Ainslie, aliyeanza na Optimist huko Cornwall, alikuwamo mara zote mbili.

Hannah Mills wa Wales naye alianza na Optimist. Mwaka 2021, huko Enoshima, Japani, yeye na Eilidh McIntyre walitwaa dhahabu ya wanawake katika mashua ya watu wawili, 470. Katika mbio hizo hizo walikuwamo Maria Machava na Denise Parruque wa Msumbiji, nchi iliyoshiriki mchezo huo katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mwenzao Deizy Nhaquile alishindana katika mashua ya mtu mmoja. Msumbiji ina pwani ndefu na jadi kongwe ya majahazi, hasa Cabo Delgado, ambako Kiswahili husikika. Lakini majahazi hayafundishi kuanza mbio kwa saa ya mkononi.

Baada ya Enoshima, 470 ya wanawake iliondolewa katika Olimpiki. Tangu Paris 2024, mashua hiyo hubeba mwanamume na mwanamke, kwa hiyo Machava na Parruque hawawezi tena kuipeleka pamoja katika michezo hiyo.