Meno ya utotoni: namna ya kuyakinga na kuyatibu yanapooza

Mtoto anapolalamikia jino jijini Kampala, jibu moja husikika mara nyingi: "Liache, si la kudumu, litang'oka." Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Meno ya mbele huanza kung'oka mtoto anapokaribia miaka 6, lakini magego ya utotoni hukaa kinywani hadi miaka 10 au 12. Gego linalotoboka mtoto akiwa na miaka 4 linaweza kumuuma kwa miaka 6 au zaidi, likamnyima usingizi na kumfanya akatae chakula.

Katika ripoti yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Kwa sehemu kubwa, ugonjwa huo unazuilika.

Jino huozaje?

Kinywani wamo bakteria wanaojikusanya juu ya meno na kufanya utando unaonata. Kila mara mtoto anapokula au kunywa kitu chenye sukari, bakteria hao huigeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi humomonyoa enameli, yaani gamba gumu la nje la jino. Mate huirekebisha enameli, ila yanahitaji muda. Kwa sababu hiyo, soda inayonywewa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi adhuhuri hudhuru zaidi kuliko ile inayonywewa mara moja pamoja na chakula.

Alama ya kwanza huwa doa jeupe kama chaki karibu na ufizi, kabla ya shimo lolote kuonekana. Katika hatua hiyo jino bado laweza kupona. Mzazi atalitambua doa hilo akiwa na desturi ya kuinua mdomo wa juu wa mtoto na kuyatazama meno mahali penye mwanga.

Gego linalosahaulika

Kati ya miaka 6 na 7, gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya magego ya utotoni. Halisubiri jino lolote ling'oke, kwa hiyo wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni na huliacha lioze. Hilo likipotea, halina mbadala.

Meno ya utotoni nayo hulinda nafasi ya meno yajayo. Gego likipotea mapema, meno ya jirani husogea, na jino la kudumu hukosa pa kuota. Usaha kwenye mzizi wa jino la utotoni pia waweza kuliharibu jino la kudumu linalojengeka chini yake.

Kinga nyumbani

• Usafi uanze jino la kwanza linapochomoza, kwa kawaida karibu na miezi 6. Mtoto apigwe mswaki mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala.
• Dawa ya meno iwe yenye floridi, kiasi cha sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Kiwango hicho huandikwa kwenye pakiti. Mtoto aliye chini ya miaka 3 anatosheka na kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 na kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi.
• Mtoto asaidiwe kupiga mswaki hadi afikie miaka 7 au 8. Kabla ya hapo mkono wake haujawa na ustadi wa kutosha.
• Mtoto asilale na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, chai au juisi. Usiku mate hupungua na meno hukosa kinga.
• Mandazi, kabalagala, biskuti na soda viliwe wakati wa mlo. Kati ya milo, maji na matunda vinafaa zaidi.

Mswaki wa mti huondoa uchafu ukitumiwa vizuri, lakini hauchukui nafasi ya floridi. Mkaa na majivu hukwaruza enameli.

Matibabu yaliyopo

Doa jeupe hupakwa floridi nzito kliniki. Shimo dogo laweza kusafishwa kwa vifaa vya mkono, bila mashine na mara nyingi bila sindano, kisha likazibwa kwa saruji maalumu inayotoa floridi. Njia hiyo ilibuniwa nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kisha ikaenea duniani. Dawa nyingine, mchanganyiko wa fedha na floridi, hupakwa kwa brashi na kusimamisha uozo. Kasoro yake ni kwamba huligeuza shimo kuwa jeusi daima. Mwaka 2021, WHO iliingiza saruji hiyo, dawa hiyo na dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Uozo ukifika kwenye mshipa, daktari huweza kuutibu mshipa au kuling'oa jino. Wakati wa kusubiri, mtoto apewe parasetamoli kulingana na uzito wake. Aspirini isiwekwe kwenye ufizi, kwani huuunguza, na watoto hawapaswi kupewa dawa hiyo bila agizo la daktari.

Onyo kuhusu "ebinyo"

Katika jamii kadhaa za Uganda, mtoto mchanga mwenye homa au kuhara hudhaniwa kuwa na "ebinyo", ambayo Tanzania huitwa meno ya plastiki. Ufizi wake huchokolewa kwa kisu au spoku ya baiskeli, na wazazi huonyeshwa kitu cheupe na laini wakiambiwa ni mdudu. Kitu hicho ni chonge changa ambalo halijaota. Uvimbe wa ufizi mahali hapo ni wa kawaida; kuhara na homa hutokana na maambukizi kama vile malaria au maji machafu. Mtoto aliyechokolewa huweza kupoteza damu nyingi, kupata pepopunda au virusi vya UKIMWI, na hata kufa, huku ugonjwa wake wa awali ukiwa haujatibiwa. Anachohitaji ni kipimo cha malaria, chumvi ya kuongeza maji mwilini, vidonge vya zinki na kuendelea kunyonya.

Wapi pa kwenda

Huduma ya meno hupatikana kwa kawaida kuanzia kituo cha afya cha ngazi ya nne, hospitali za umma na Hospitali ya Taifa ya Mulago. Uganda iliondoa ada katika vituo vya umma mwaka 2001, na wakimbizi waliosajiliwa hupokelewa humo sawa na raia. Inashauriwa mtoto aonwe kwa mara ya kwanza kabla hajatimiza mwaka mmoja. Siku ya chanjo ya surua, akiwa na miezi 9, ni nafasi nzuri ya kuomba kinywa chake kitazamwe.

Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo iwapo shavu au shingo imevimba, ana homa pamoja na maumivu ya jino, hawezi kufungua kinywa, au anashindwa kumeza au kupumua vizuri.