Kuandika 1 ikasomeka "Amelipa" kwenye daftari la kikundi

Wapo makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa wanaotunza daftari kwenye Excel: 1 kwa aliyelipa mchango wa wiki, 0 kwa ambaye hajalipa. Ni haraka, na ukijumlisha kwa SUM unapata idadi ya waliolipa. Lakini mwanachama akionyeshwa daftari hilo anaona 1 na 0 tu.

Namba hizo tusizifute. Kwenye kompyuta, chagua visanduku vyake, bonyeza Ctrl pamoja na 1, ingia Custom, kisha andika:

[=1]"Amelipa";[=0]"Hajalipa";General

Kisanduku chenye 1 kitasomeka Amelipa, ila ndani yake 1 imebaki, na SUM inahesabu kama kawaida.

Neno General lisiachwe. Wengine hufupisha kwa kuandika "Amelipa";;"Hajalipa", na hapo namba yoyote inayozidi 0 husomeka Amelipa. Kidole kikiteleza ukaandika 11, waliolipa wanaongezeka kumi na hakuna anayeona kosa. Ukiweka General, 11 itaonekana 11.

Mwenye simu tu anaweza kuongeza safu ya pili kwa fomula hii:

=IF(B2=1,"Amelipa","Hajalipa")

Safu hiyo ni maneno matupu. Ukiijumlisha kwa SUM utapata 0, hivyo jumlisha ile ya namba. Tena, pale katibu alipoacha wazi, fomula huandika Hajalipa. Kabla hujamdai mtu mbele ya kikundi, tazama kwanza kisanduku chake cha namba.