Mnazi Haufichiki: Mali ya Wanandoa na Siri Zake

Anayetaka kuelewa kwa nini mahakama zetu hupata tabu kugawa mali ya wanandoa walioachana, namshauri aanzie kwenye minazi ya Mafia kabla hajafungua kitabu cha sheria.

Kisiwani humo, kwa vizazi vingi, utajiri ulihesabiwa kwa minazi. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, katika miaka ya 1960, alionesha kwamba ardhi ilikuwa ya ukoo, lakini mti ulikuwa wa mtu. Wanawake nao walikuwa na minazi yao, na ndoa haikuichanganya na ya mume. Nisieleweke vibaya: haukuwa usawa. Katika mirathi binti alipata nusu ya fungu la kaka yake. Lakini mali yenyewe ilikuwa hadharani. Mkwezi alijua mti huu ni wa nani, jirani alijua, na aliyenunua nazi alijua. Talaka ilipotoka, ugomvi ungeweza kuwa juu ya haki, si juu ya idadi. Huwezi kuuhamishia mnazi kwa shemeji usiku, kijiji kisijue asubuhi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitungwa kwa ulimwengu wa namna hiyo, wa nyumba, shamba na mifugo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Kifungu cha 60, kwa upande wake, kinachukulia kwamba mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja ni yake peke yake, hadi ithibitishwe vinginevyo. Hapo ndipo penye mwanya. Na kama mali imeandikwa jina la kaka, au la mama mzazi?

Kila mwanafunzi wa sheria huisifu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Wachache husoma hadi mwisho. Mama huyo hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona amekwisha kutapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi. Kumbe mahakama zetu zinaweza kufuatilia fedha zilikokwenda zikitaka. Katika kesi hiyo, aliyeulizwa alikuwa mke.

Leo utajiri wa mtu wa Mafia hauko minazini peke yake. Uko katika hisa ya boti, katika kiwanja kilichonunuliwa Mbagala au Mkuranga, na katika simu: M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008. Mke aliyebaki Kilindoni anatakiwa kuthibitisha mali ambayo hajawahi kuiona, kwa kuwa kanuni ya ushahidi husema anayedai ndiye athibitishe. Sheria hiyohiyo ya Ushahidi inasema pia kwamba jambo lililo katika ujuzi wa mtu mmoja pekee, mzigo wa kulithibitisha ni wake. Natamani mawakili wetu waikumbuke kanuni hiyo ya pili mara nyingi zaidi.

Uingereza wanandoa wanaogombea mali hujaza tamko la kila walicho nacho, na anayeficha hujiweka hatarini: mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko iliwaruhusu wanawake wawili kufungua upya makubaliano yao ya talaka kwa sababu waume walidanganya.

Nasi si wageni wa matamko ya mali. Tangu Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, kiongozi hutoa tamko la mali na madeni yake, pamoja na ya mwenzi wake wa ndoa na ya watoto wake wadogo. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnazijua fomu hizo. Kwa maneno mengine, dola ina haki ya kujua kiongozi ana nyumba ngapi, ilhali mkewe, aliyefua nguo zake miaka ishirini, hana fomu ya kumtaka ajaze siku ya talaka. Kuongeza tamko la kiapo katika mashauri ya ndoa hakuhitaji falsafa mpya. Kunahitaji kanuni moja, na adhabu kwa anayeapa uongo.