Ofisi ya kuisemea serikali

Huku kwetu Kanyenye, Tabora, zamani habari zilikuja kwa miguu, pamoja na wapagazi wa Pwani na Ujiji. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilianzisha gazeti lake, Mambo Leo. Watu walilipenda, nadhani kwa sababu lilichapa pia barua na mashairi ya wasomaji.

Miaka ya 1950 gazeti hilo lilikuwa mikononi mwa Idara ya Uhusiano, ofisi ya kuisemea serikali. Idara ilikuwa na fedha na mitambo. TANU, kuanzia 1957, ilikuwa na Sauti ya TANU, karatasi za stensili tu! Januari 1958 wajumbe wa TANU walibishana hapahapa Tabora juu ya kura tatu, wakakubali kuingia uchaguzi. Agosti, Mwalimu Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowagusa mabwana shauri wawili. Sidhani kama Idara iliwahi kuitangaza TANU vizuri kuliko kesi ile.

Uhuru ulipopatikana 1961, ofisi ya kuisemea serikali haikufungwa. Leo tunayo Idara ya Habari, MAELEZO. Maelezo yanatufikia. Natafuta ukurasa wa barua.