Muwa Katika Nyumba ya Mwanamke: Kutoka Sinia la Arusi hadi Moto wa Jikoni



Ukitaka kujua muwa umeingia kiasi gani katika maisha yetu, hesabu masinia ya arusi. Halua, visheti, kashata, sharubati, chai ya tangawizi ya wageni wa nikaha: vyote vina sukari. Hata kabla biharusi hajavaa, somo wake huchemsha sukari na ndimu mpaka ishikane, akamtoa malaika mwilini. Na wapo wanaotia sukari na ndimu kidogo kwenye hina ili ishike vizuri.

Hayo ni yetu visiwani. Leo lakini tunavuka bahari na bara lote mpaka Izigo, wilaya ya Muleba, kwenye barabara itokayo Bukoba. Huko ni nchi ya migomba na kahawa, na muwa huoteshwa karibu na nyumba, ukatafunwa jioni na wakubwa kwa wadogo. Tumeichagua Kagera kwa sababu mkoa huo umeuona muwa katika sura zake nyingi: wa kutafuna, wa kiwanda, wa vita, na sasa wa nishati.

Jina lililosafiri

Muwa asili yake ni kisiwa cha New Guinea. Wahindi ndio waliogundua namna ya kuchemsha maji yake mpaka yakawa punje, na kwa Kisanskriti punje hizo waliziita kwa neno lenye maana ya changarawe. Waajemi wakasema shakar, Waarabu sukkar, nasi tukapata sukari.

Wakulima na wafanyabiashara Waislamu waliupeleka muwa Misri, Sisilia na Hispania. Msafiri Nasir Khusraw alipokuwa Cairo karne ya 11, aliona katika karamu ya Idi ya mtawala mti kama mchungwa, matawi, majani na matunda yake yote yametengenezwa kwa sukari. Shoga zetu wanaoshindana kwa keki za ghorofa wajue mambo hayo hayakuanza leo!

Utamu na waliolipa

Wazee wetu husema mchumia juani hulia kivulini. Katika mashamba ya miwa, kwa miaka mingi, aliyechuma juani alikuwa mmoja na aliyekula kivulini alikuwa mwingine.

Miwa haingoji. Ikikatwa lazima ikamuliwe upesi, la sivyo utamu hupotea. Kwa hiyo wenye mashamba walitaka watu wengi, wafanye kazi usiku na mchana, na wengi wakawapata kwa utumwa. Mamilioni ya Waafrika walivushwa hadi Brazil na visiwa vya Karibi. Kwetu pia yalikuwapo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya kisiwa cha Mauritius, ambacho baadaye kilijaa miwa.

Na Pangani, karne ya 19, kando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, wanaume kwa wanawake. Sukari yake iliuzwa Unguja na Arabuni. Watumwa wengine walitoroka na kujenga vijiji vyao. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa mwaka uliofuata, mwenyewe alikuwa na shamba la miwa huko. Historia yetu ina mashujaa, na mashujaa hao wakati mwingine walikuwa na watumwa. Tukiyasema yote mawili, tunawatendea haki waliosahauliwa.

Kagera: sukari na mizinga

Kiwanda cha sukari cha Kagera kiko Missenyi, kaskazini ya mto Kagera, karibu na mpaka wa Uganda. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia eneo hilo. Nyumba ziliporwa, ng'ombe wakaswagwa, mitambo ya kiwanda ikachukuliwa, na maelfu ya watu wakakimbilia kusini ya mto. Akina mama walitembea na watoto mgongoni na kuacha kila kitu.

Vita vikaisha 1979, dhiki ikabaki. Miaka ya mwanzo ya 1980 nchi nzima ilipanga foleni kwa kilo moja ya sukari, na arusi zilisubiri kibali cha duka. Kiwanda kilikuja kubinafsishwa na kufufuliwa miaka ya 2000.

Hakuna cha kutupa

Tani moja ya miwa hutoa takriban kilo 100 za sukari. Kinachobaki ndicho cha ajabu. Makapi hufika karibu kilo 300, nayo huchomwa kuchemsha maji, mvuke ukazungusha mitambo ya umeme. Viwanda vyetu, Kagera ikiwamo, hujiendesha kwa umeme huo, na Mauritius huuza wa ziada kwenye gridi ya taifa. Ile asali nyeusi, molasi, hulishwa mifugo au hutengenezwa ethanoli. Brazil ilianza mpango mkubwa wa kuendesha magari kwa ethanoli ya miwa mwaka 1975, baada ya bei ya petroli kupanda.

Ethanoli hiyo huwaka pia kwenye jiko la kupikia, bila moshi mwingi wala masizi. Hapa ndipo habari inapomfika mwanamke wa Izigo anayepika kwa kuni, macho yakimtoka machozi, kifua kikibana. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Gesi na umeme vinatajwa sana, lakini masalia ya miwa nayo yana nafasi.

Tusisahau tu swali la Pangani: nani anachuma, nani anakula? Mafuta ya miwa yakimnyang'anya mkulima mdogo shamba la migomba, au mkata miwa akilipwa kisichomtosha, tutakuwa tumebadilisha jiko na kuacha dhulma palepale. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Basi biharusi wetu, ukipokea sinia la halua, kula kwa raha, sema bismillahi, na umkumbuke aliyesimama juani. Na wewe dada wa Kagera, kwenu mnapikia nini siku hizi, na muwa mnautumia vipi? Tuandikieni.